Atakua Tu, Kipenzi

Ukizaa Machi Arusha, jua Julai inakungoja. Miezi ya mwanzo mtoto anavuka na fulana, kanga na mgongo wa bibi yake. Masika inapita, Juni inaingia, na Mlima Meru, mita zote 4,566, unajifunika wingu siku baada ya siku mpaka mgeni aliyelipia chumba cha kutazama mlima anatamani kudai chenji yake. Jiji lenyewe liko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haina makelele. Inapita chini ya mlango saa kumi alfajiri kutafuta miguu ya mtoto. Ndugu zangu wa Tanga hawaelewi. Nikiwaambia Neema amelala na soksi mbilimbili na boshori, wanauliza anaumwa nini.

Nguo za baridi zikahitajika, tena upesi. Mjini hapa hazikosekani: kuna Kilombero, kuna Krokoni, kuna Ngaramtoni na Tengeru siku za soko. Ila kumbeba mtoto wa miezi minne kwenye ukungu ili akanunuliwe nguo za kumkinga na ukungu niliona ni kichekesho, na kumwacha nyumbani na baba yake kulikuwa na mjadala wake. Baba Neema ndiye aliyesema siku hizi hakuna haja ya kutoka, kila kitu kiko kwenye simu. Yeye huagiza vipuri vya pikipiki kwa njia hiyo na vinafika, na vinaingia. Sikubishi. Lakini kipuri kina namba moja, na namba hiyo ni ileile Dar, Arusha na huko kilikotengenezwa.

Nikampata dada mmoja wa Dar es Salaam anayeuza mitumba ya watoto kwa picha. Mwanzoni nilijiuliza sweta zito linauzwaje Dar, mahali ambapo mtoto akifunikwa shuka ni kwa sababu ya mbu. Baadaye nikaiona hesabu yake. Belo la nguo za watoto linashuka bandarini na kila kilichomo ndani, na anayelifungua anabaki na rundo la manyoya ambalo jirani yake hataligusa hata akipewa bure. Anachohitaji ni mteja anayetetemeka. Mteja huyo yuko zaidi ya kilomita 600, ana fedha kwenye simu, na hawezi kushika kitambaa.

Picha zake zilikuwa nzuri, lazima nikiri. Kila nguo ilitandazwa peke yake juu ya shuka jeupe, bila mtoto, bila mkono wa mtu, bila hata kitasa cha mlango pembeni, kwa hiyo sweta lingeweza kuwa la kichanga au la mchezaji wa kikapu. Chini yake: “Miezi 3-6, gredi A, bei njoo inboksi, ukilipa hairudi.” Nikaenda inboksi. Kabla ya kulipa nikaomba aweke kitu kando ya sweta nipate kulinganisha, tuseme chupa ya maji. Akaweka papo hapo, bila ubishi, nami nikamsifu moyoni. Sweta liliipita chupa kidogo kwa urefu. Nikaichukua chupa yangu ya jikoni, ya lita moja na nusu, nikaisimamisha kando ya Neema aliyelala, nikaona mambo ni mazuri: atalivaa hadi Septemba, na mikono ya kukunja itabaki.

Chupa ya dada wa Dar ilikuwa ya nusu lita. Sijui wanaotengeneza chupa hizi waliwaza nini. Umbo lilelile, lebo ileile, kifuniko kilekile. Kwenye picha hata fundi wa kupima viwanja hawezi kuzitofautisha.

Mzigo ukapanda basi, ukashuka stendi, bodaboda akauleta hadi kwetu Moshono. Siku hiyo mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Akheri kuja kumwona mjukuu, kwa hiyo kifurushi kilifunguliwa mbele ya shahidi ambaye kwa kawaida hasahau. Likatoka sweta. Kichwa cha Neema kilikataa kupita. Kichwa hicho ni cha ukoo wa baba yake na nilitaka kulisema hilo, nikamwangalia mama mkwe, nikanyamaza. Ikafuata ovaroli yenye zipu na masikio ya dubu, nayo iliandikwa miezi sita kama sweta. Humo Neema alitoweka. Tulisikia sauti yake, tukamkuta ameteremkia kwenye mguu wa kushoto, ametulia, anajinyonya kidole. Ikaja suruali iliyomkaa vizuri kabisa kiunoni hadi alipovaa nepi. Nepi zetu ni za kitambaa, mama mkwe hataki kusikia habari za pempasi, na inaonekana aliyekata suruali ile hakuwahi kukutana na mapaja ya mtoto aliyefungwa nepi ya kitambaa.

La mwisho lilikuwa koti jekundu, jipya, lenye bitana laini. Baba Neema alilipenda kuliko vyote. Tatizo lilikuwa ni namna ya kulivaa. Mikono ilikuwa mifupi, imekaribiana, na imeshonwa upande wa tumbo. Vifungo vilipita chini. Na mgongoni palikuwa na tundu dogo lililoshonwa pembeni kwa ustadi, kwa hiyo hatukuweza kumsingizia panya. Baba Neema akasema labda ni la kupitishia kamba ya glavu. Mimi nikasema labda ni la hewa. Tulikuwa tumeshaupitisha mkono mmoja wa mtoto wakati mama mkwe alipovaa miwani yake. Ujanani aliwahi kufanya kazi za nyumbani kwa mzungu mmoja Usa River.

“Hilo ni la mbwa,” alisema. “Hapo inapita kamba ya kumwongozea. Wa yule mzungu alikuwa nayo mawili. Moja la Jumapili.”

Usiku, baada ya wote kulala, nilizisoma lebo moja moja kwa tochi ya simu, na hapo nikaanza kumwonea huruma hata dada wa Dar. Kumbe kila nchi ina namna yake ya kumhesabu mtoto. Nchi nyingi za Ulaya huandika urefu: 56, 62, 68, 74, hizo ni sentimita, kuanzia utosini hadi kisiginoni. Yeye 62 aliiandika “miezi 2-6”, ubunifu ambao bado nauheshimu, na ajabu ni kwamba hakukosea sana. Waingereza huandika miezi kwa mafungu, sifuri hadi tatu, tatu hadi sita. Nguo za Marekani zina 6M, na kwa kampuni nyingine hiyo 6 ni mwisho wa safari, mtoto akifikisha miezi sita avue. Ukidhani ndiyo anaanza kuvaa, umeumia.

Lakini hata lebo zote zingekubaliana, bado kuna watoto. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vyake vya ukuaji mwaka 2006, lilikuwa limepima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, watoto walionyonya vizuri na kutunzwa vizuri. Kwa viwango hivyo, binti wa miezi sita anaweza kuwa na sentimita 61 au akawa na 70, na wote wawili ni wazima, hakuna wa kupelekwa kwa daktari. Tofauti ya sentimita tisa ni saizi nzima na nusu. Kwa hiyo “nguo ya miezi sita” haimtaji mtoto yeyote wa pekee. Ni matumaini ya kiwanda.

Kisha kuna jambo ambalo wauza mitumba wanalijua na hawalitangazi. Nguo haiingii kwenye belo kwa bahati mbaya. Nyingine zimeachwa kwa sababu mtoto amekua, sawa. Nyingine ni zawadi ya shangazi ambayo haikumtosha mtu tangu siku ya kwanza. Na sweta la sufu mara nyingi limetupwa kwa sababu baba wa mtoto, huko huko Ulaya, alilitia kwenye mashine kwa maji ya moto, likatoka nusu ya lilivyoingia. Lebo haisinyai. Inaendelea kusema miezi kumi na miwili, kwa herufi safi, ndani ya nguo inayombana mtoto wa wiki tatu.

Asubuhi nikamtumia dada wa Dar ujumbe wa sauti, wa adabu lakini mrefu. Alijibu kila hoja kwa utaratibu. Kuhusu ovaroli iliyommeza mtoto: “Atakua tu, kipenzi.” Kuhusu sweta lililokwama kichwani: “Hilo muwekee mdogo wake.” Kuhusu suruali: “Mvalishe bila nepi.” Kuhusu koti la mbwa alikaa kimya kidogo, nikaona vitone vile vya mtu anayeandika vinakuja na kupotea, halafu: “Hiyo ni fasheni, kipenzi.”

Nilimsomea mama mkwe majibu yale nikitarajia kuungwa mkono. Akasikiliza yote, akaomba nirudie pale kwenye mdogo wake, akasikiliza tena.

“Huyu binti ana akili,” alisema.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Tengeru mwenyewe. Hakumchukua mtoto, hakuchukua lebo, hakuniuliza chochote kuhusu sentimita. Alimlaza Neema kitandani, akampima kwa shibiri kutoka begani hadi kisiginoni, akampima kichwa kwa kamba ya kiroba akaifunga fundo, akaitia mfukoni. Nilimsindikiza, Neema akabaki na baba yake. Mjadala ule uliisha mara tu mama mkwe alipouingilia. Muuzaji, mama aliyekaa juu ya gunia na kupiga kelele za “buku, buku, chagua,” hakuuliza miezi. Aliuliza: “Anakaa?” Mama mkwe akajibu anakaa ukimwegemeza. “Mapaja?” Ya bibi yake. Yule mama akazamisha mkono kwenye rundo bila hata kulitazama na kuanza kutoa. Kila alichotoa kilikuwa sawa. Nilikaa nikiwaza ile chupa yangu.

Soko la Tengeru huwa Jumatano na Jumamosi, na kuna Jumatano moja ninayoikumbuka kila nikipita hapo. Tarehe 2 Machi 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikutana Ngurdoto, mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo ya Moshi, Rais Magufuli akiwa mwenyeji, wakakubaliana kwamba mitumba ipunguzwe hadi ikome ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue. Kwa hiyo, tamko linasomwa, na kilomita chache huku chini ni siku ya soko. Hoja yao haikuwa ya kuchezea. Arusha iliwahi kuwa na Kiltex, kiwanda cha nguo chetu wenyewe, kikafa. Na kiwanda cha A to Z cha Kisongo sifa yake kubwa ni vyandarua, bidhaa ambayo angalau haiandikwi miezi. Ila wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, serikali yao ikatikisa AGOA, mpango wa kuuza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru, na nchi moja baada ya nyingine ikarudi nyuma. Rwanda iliyokaza shingo ilipoteza nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru mwezi Julai 2018. Mama wa Tengeru yuko palepale juu ya gunia lake. Nilipomuuliza kama alisikia habari zile, alinijibu nisogee, namzibia wateja.

Neema alipita Julai akiwa mkavu na mwenye joto. Ovaroli ya dubu ilimtosha Oktoba, wakati jua la Arusha linachoma hadi lami, akaivaa mara moja kwa ajili ya picha na akalia picha zote. Koti jekundu lilikwenda Akheri. Mbwa wa mama mkwe, ambaye amezaliwa nje na kukulia nje, alilivua usiku uleule na kulizika nyuma ya migomba.

Kabla ya kuondoka mama mkwe alikuwa ameomba namba ya yule dada wa Dar. Nilidhani anataka kumkanya, kwa hiyo nikampa kwa furaha. Majuzi nilikuwa kwake, bodaboda akaleta kifurushi chenye jina lake. Akanipa nikifungue, maana kucha zake zilikuwa na tope la bustani. Ndani mlikuwa na lile sweta letu lililokataa kichwa, lakini la rangi nyingine. Soksi ndogo zisizoingia hata dole gumba langu. Na nguo za kulalia, nyeupe, zote namba 50, saizi ya mtoto aliyezaliwa jana. Na bei hakuwa amepunjwa, nilivyoona kwenye karatasi.

“Mama, nani amejifungua?” niliuliza.

Akachukua sweta, akalinyoosha juu ya goti lake, akalipima kwa shibiri.

“Bado,” alisema.