Sifa za Maandishi Mekundu

Hakuna bawabu anayetukanwa bure kama maandishi mekundu ya PowerShell. Umepakua moduli ya watu mtandaoni, umeandika Import-Module kwa furaha, mara yanakushukia: kuendesha skripti kumezuiwa kwenye mfumo huu. Wasiojua huita hitilafu. Mimi naita adabu. Mgeni hajapiga hodi, nawe ushamtandikia kitanda!

Windows za kawaida huja na sera ya Restricted, yaani programu iliyozaliwa mwaka 2006 ili iendeshe skripti huanza kwa kuzikataa. Unyenyekevu ulioje! Ukiandika Set-ExecutionPolicy RemoteSigned -Scope CurrentUser, mlango unafunguka, lakini nusu: faili lililotoka mtandaoni hubeba alama ya siri, Zone.Identifier, ambayo huioni kwenye folda, na lisilosainiwa hukataliwa mpaka uifute kwa Unblock-File. Na Microsoft wenyewe wameandika kwamba sera hii si kizuizi cha kiusalama. Inakulinda tu usijikwae. Mwizi aliyekusudia atapita. Anayesumbuliwa ni mwenye nyumba, na ndivyo inavyopasa, maana mwizi hana muda wa kufundishwa.

Utamu hasa uko kwenye folda. Toleo la 5.1 hutafuta moduli zako ndani ya Documents\WindowsPowerShell\Modules, la 7 ndani ya Documents\PowerShell\Modules. Tofauti ni neno moja. Gharama yake ni jioni nzima. Jina la folda lazima lilingane na la faili la .psm1 au la .psd1, ila zip ya GitHub huja na mkia wa -main, basi moduli iko mbele ya macho yako na PowerShell inaapa haijaiona. Na kama OneDrive imeshaihamisha Documents, hongera: sasa utaijua $env:PSModulePath kuliko namba yako ya simu. Chuo gani kingekufundisha hayo bila ada?

Hatimaye moduli inakubali, na yanatokea maandishi ya njano: baadhi ya amri zina vitenzi visivyoidhinishwa. Naam, kuna orodha rasmi ya vitenzi. Amri inafanya kazi vilevile, lakini Get imo na Fetch haimo. Andika Get-Verb, chagua kitenzi chenye heshima, badilisha jina la amri, usahau kulibadilisha pia kwenye orodha ya amri ndani ya faili la .psd1, kisha uiite. Mekundu hayo.