Namna ya Kuitesa Kadi ya Michoro kwa Namba 3

Una mandhari ya splati za Gausi (madoa yanayofifia kuelekea kingo) milioni kadhaa, kadi mpya ya michoro, na picha inatiririka bila kukwama. Hali hii haivumiliki. Fuata mwongozo huu.

Splati ikishatupwa kwenye skrini huwa duaradufu, na kabla ya kuichora sharti ujue inagusa vigae vipi vya pikseli 16 kwa 16. Umbo lake lisikusumbue. Chukua mhimili mrefu, zidisha sigma yake kwa 3, piga duara, kisha lizungushie mraba. Ndivyo ilivyofanya programu ya kuchora splati ya watafiti Kerbl na wenzake, iliyotoka Ufaransa mwaka 2023, kwa hiyo ukiulizwa una pa kujifichia.

Utamu wenyewe uko kwenye splati ndefu nyembamba. Tuseme imelala chali, sigma yake pikseli 40 kwa upana na 1 kwa kimo. Mraba wako unakuwa pikseli 240 kila upande: vigae visivyopungua 225. Ni fundi aliyempima mteja urefu, akamkatia kanzu yenye upana uleule. Kila kigae kinadai nakala yake ya splati kwenye foleni ya kupangwa kwa umbali, kisha vigae vingi vinapiga hesabu pikseli kwa pikseli na kugundua kuwa mgeni hayumo.

Jihadhari na wajuaji. Watakwambia kwamba jibu liko kwenye ulalo wa matriki ya kovariansi: kipeuo cha pili cha namba ya kwanza, mara 3, ni nusu ya upana, cha ya pili, nusu ya kimo. Splati yetu ingebaki na safu moja au mbili tu za vigae! Waulize, “Na ikikaa mshazari?” Watameza mate, maana kwenye nyuzi 45 kisanduku chao nacho hunenepa hadi pikseli 170 kwa 170. (Kwamba bado ni kidogo kuliko chako, hilo usiliseme.)

Ukolezi wa splati usiuguse kabisa. Kinachofifia chini ya 1/255 hakichorwi, kwa hiyo mpaka wa kweli hupatikana hivi: zidisha ukolezi kwa 255, chukua logi asilia, zidisha kwa 2, tafuta kipeuo cha pili. Splati hafifu ya ukolezi 0.01 huishia sigma 1.37, iliyokolea kabisa hufika 3.33. Yaani 3 yako inaipa hafifu uwanja isiouhitaji, na inayoonekana vizuri inaikata kingo. Iandike ndani ya msimbo bila maelezo yoyote, ili atakayekurithi naye ajionee.