Barua ya Wazi kwa Baraza la Gentoo

Waheshimiwa Wajumbe,

Mimi ni mtumiaji wa kawaida tu wa Gentoo, mfumo wa Linux mnaousimamia, sina kura katika uchaguzi wenu wa kila mwaka, na nisingethubutu kuandika kama jambo lenyewe lisingekuwa zito.

Kwanza pokeeni shukrani zangu za dhati. Tangu toleo la 1.0 mwaka 2002, Gentoo humkabidhi mtu msimbo chanzo, kompyuta yake ikajenga programu anavyotaka mwenyewe. Asiyehitaji Bluetooth huandika -bluetooth kwenye mstari wa USE, orodha ya vipengele anavyovitaka na asivyovitaka, yakaisha. Mfumo wa Debian huamua mapema kwa niaba ya wote, na zana yake ya apt ikakuletea kifurushi tayari kwa dakika chache. Gharama ya uhuru wetu anaijua kila aliyewahi kukompaili Chromium kwenye laptopu ya zamani yenye betri iliyochoka: feni inavuma usiku kucha, kisha umeme unakatika kazi ikiwa katikati.

Ndiyo maana wengi tulifurahi mlipotangaza, Desemba 2023, vifurushi tayari kwa amd64 na arm64, zaidi ya gigabaiti 20, LibreOffice ikiwemo. Tena mlitumia busara: mpangilio wa USE wa mtu usipolingana na wenu, Portage, zana yetu ya kusimamia vifurushi, hurudi kwenye msimbo chanzo. Hakuna aliyelazimishwa.

Miezi mitatu baadaye likazuka suala la xz, programu ya kubana faili. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri uliofichwa, na mhandisi wa programu Andres Freund akaubaini kwa sababu tu kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Wapo waliosema anayejenga mwenyewe yuko salama. Waheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba tusijifariji hivyo. Kipande kilichowasha mtego ule hakikuwemo kwenye hazina ya Git. Kilikuwa ndani ya faili la tar lililotolewa kwa umma, lilelile ambalo mjenzi wa nyumbani hulipakua na kulikompaili bila kulisoma. Kilichungulia kama kinachojengwa ni kifurushi cha Debian au cha RPM, na kisipokuta hivyo kikanyamaza. Sisi hatukulengwa, basi.

Vifurushi vyenu vina saini ya kidijitali, nami naiheshimu. Lakini saini huthibitisha aliyetuma. Haithibitishi kwamba kilichomo kimetokana na msimbo ule tunaouona. Debian wanahangaika na hilo tangu 2013, ili yeyote atakayejenga upya apate faili lilelile, baiti kwa baiti.

Nanyi mna hazina ya watu ambao kompyuta zao zinajenga tayari. Ikiwapendeza, naomba mfanye ujenzi unaorudiwa bila tofauti kuwa lengo rasmi la vifurushi vyenu, na mtupatie zana ya kulinganisha ndani ya Portage. Anayejitolea atajenga kwa bendera zenu badala ya zake, maana bendera ya -march=native, inayojenga kwa ajili ya prosesa ya mtu mwenyewe, ikiwepo matokeo hayawezi kufanana, kisha atume alama ya hashi ya faili alilojenga ili ilinganishwe na yenu. Hata tukianza na OpenSSH, xz na glibc pekee, mimi nitaiacha kompyuta yangu ikiwa imewashwa kwa kazi hiyo.

Naomba kuwasilisha.

Wenu mtiifu,
Mtumiaji wa Gentoo, Dar es Salaam