Maji Yakirudi Saa Nane Usiku

Mgao wa maji wa Dar es Salaam huanzia mbali na Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Mto Ruvu, unaoteremka kutoka milima ya Uluguru, na huvutwa na mitambo miwili: Ruvu Juu kule Mlandizi, iliyojengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, ya mwaka 1976. Kiangazi kikirefuka na vuli ikachelewa, kama ilivyotokea Oktoba 2022, mto hupungua, mitambo hukosa cha kuvuta, na ratiba ya mgao hutangazwa: mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Ratiba hiyo husomwa kwa makini, hupigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya simu. Kisha maji hutoka yanapotaka yenyewe.

Katika nyumba ya kupanga, yenye familia nne au tano na koki moja uani, tangazo la mgao huamsha vyombo vilivyosahaulika. Kwanza hujazwa jaba na madumu, kisha ndoo, mabeseni, sufuria ya pilau ambayo mara ya mwisho ilionekana kwenye harusi, na mwisho birika. Ndiyo maana mgeni anayemiminiwa chai siku hizo hupaswa kuitazama rangi yake kwanza. Dumu nalo lina siri zake. Lililowahi kubeba mafuta ya taa hufanana kabisa na lile la mafuta ya kula, na hujulikana tu pale uji wa asubuhi unapoanza kunuka kama kibatari. Wazoefu huweka alama: kamba nyekundu kwenye mkono wa dumu, au herufi iliyoandikwa kwa rangi ya kucha. Alama hizo pia huzuia dumu kuhama chumba, ingawa si sana.

Maji ya mgao hupenda kutoka usiku, na hilo halina uchawi. Jiji likilala watumiaji hupungua, msukumo huongezeka kwenye mabomba, na nyumba za mlimani, ambazo mchana kutwa huambulia upepo, hupata zamu yao. Koki hukohoa kwanza, ikapiga miluzi, ikatema matone ya rangi ya chai ya rangi, ndipo maji yenyewe yanaposhuka. Anayesikia wa kwanza huwa na uamuzi wa kufanya. Uungwana unamtaka agonge milango yote. Hugonga kweli, ila kwa utaratibu wake.

“Mama Zuhura, hodi! Maji yametoka!”

“Ahsante, baba. Yametoka saa ngapi?”

“Sasa hivi tu.”

Nyuma yake uani zimepangwa ndoo sita, zote zimejaa, na ya saba iko chini ya koki.

Ajali kubwa ya mgao, hata hivyo, hutokea pale ambapo hakuna aliyesikia. Mchana mtu hufungua koki kupima bahati, haoni kitu, husonya na kwenda zake. Koki kavu haimkumbushi mtu kuifunga. Ya kuzungusha ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ikiwa wazi au imefungwa sura yake ni ileile. Saa nane usiku maji hurudi. Koki inayotoa lita 10 kwa dakika, ikiachwa hadi saa kumi na moja alfajiri, itakuwa imemwaga lita 1,800, yaani madumu 90 ya lita 20. Mtaa wa watu wanaooga kwa kopo huamka na kukuta kandambili zinaelea uani. Uchunguzi hufanyika papo hapo, na daima hubainika kuwa koki iliachwa wazi na mtoto. Kama nyumba haina mtoto, aliyeiacha ni mpangaji aliyehama.

Upotevu wa pili ni wa watu makini. Maji mapya yakitoka, maji ya jana humwagwa ili vyombo vipate “maji freshi”, kana kwamba maji yaliyofunikwa huchacha kwa siku moja kama tui. Hesabu ya kweli ya mgao ndiyo hii: maji yakikatika kila mtu hubana, na yakirudi hupotea zaidi.

Kubana kwenyewe watu wanakuweza. Ndoo ya lita 10 na kopo vinatosha kumwogesha mtu mzima na kumbakizia ya miguu. Mla maji mkubwa ni choo cha kuvuta: tangi la aina ya zamani humeza lita tisa au zaidi kwa mvuto mmoja, karibu kuoga kwa mtu mmoja. Kwa hiyo maji ya kusuuzia nguo huwekwa akiba ya chooni, na ya kuoshea mchele hupelekwa kwenye mchicha. Utaratibu huu una adui mmoja, naye ni shemeji aliyekuja kusalimia. Haoni akiba, anaona beseni la maji machafu, na kwa moyo wa kusaidia kazi analimwaga.

Jambo moja katika haya si la kucheka sana. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi, hutaga kwenye majaba na mapipa yasiyofunikwa yenye maji yaliyotulia, na hung’ata mchana, saa ambazo chandarua kimekunjwa. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mayai yake hung’ang’ania ukutani mwa chombo na huvumilia ukavu kwa miezi, hivyo kumwaga maji tu hakutoshi. Jaba lisuguliwe, kisha lifunikwe kwa mfuniko, si kwa kipande cha kanga.

Mwisho wa mwezi huja ankara. Upepo unaotangulia maji bombani huweza kuuzungusha mshale wa mita, na mita haitofautishi lita iliyonywewa na iliyoosha uwanja usiku. Bili hugawanywa kwa vichwa, na hapo idadi ya watu hushuka ghafla: watoto huwa wako kwa bibi, mume huwa safarini, na aliyejaza ndoo sita hueleza kwamba yeye mwezi mzima ameoga kazini. Mwenye nyumba mwerevu hatafuti mkosaji. Hununua koki ya mpini, ambayo mtu akiitazama tu anajua imefungwa au iko wazi, na gharama yake huiingiza kwenye bili hiyohiyo.