Kwa Heshima ya Friji la Gari Letu

Washairi wamesifu bahari, wafugaji wamesifu ng'ombe, na magazeti yetu husifu viongozi hata kabla hawajafanya lolote. Hakuna aliyewahi kusimama kulisifu friji la gari la watalii, lile sanduku la kijivu linalokaa nyuma ya kiti cha dereva katika Land Cruiser zinazotoka Arusha kila alfajiri kwenda kuonyesha watu simba. Leo nasimama mimi. Nimelibeba, nimelifuta vumbi, nimelibembeleza, nimelipiga makofi, nimelitetea mbele ya Wajerumani. Kama kulisifu kunahitaji sifa, ninazo.

Nieleze kwanza ni friji gani, maana mjini hapa yako ya namna mbili. La kwanza lina kompresa na gesi, ni zito, ni ghali, na likipewa betri yake ya pekee hugandisha nyama mpaka Ndutu. Hilo halihitaji msemaji. Ninalolisifu ni la pili: jepesi, la plastiki, halina kompresa wala gesi, linachomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara pale kwenye dashibodi. Linatumia ugunduzi wa Mfaransa Jean Peltier wa mwaka 1834: ukipitisha umeme kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto. Kazi yake ni kuhamisha joto kutoka ndani kulipeleka nje, na kwa kawaida huweza kushuka nyuzi 20 hivi chini ya hewa inayolizunguka. Piga hesabu mwenyewe. Gari limeegeshwa juani kwenye geti la Naabi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, ndani mna nyuzi 45. Toa 20. Zinabaki 25, na hiyo ndiyo bia ya mgeni aliyelipa maelfu ya dola.

Wala usidhani Peltier alituacha hivi hivi. Umeme ukigeuzwa mwelekeo, pande mbili hubadilishana kazi na friji huwa jiko dogo. Ndiyo maana lina swichi yenye taa ya kijani na taa nyekundu. Kila baa nchi hii mhudumu huuliza: ya baridi au ya moto? Friji letu lina jibu la yote mawili, ingawa hilo la kwanza hulitoa kwa shingo upande.

Lakini fadhila yake kuu, ile ambayo ningetaka ichongwe kwenye bamba la shaba, ni usawa. Watu wamesahau kwamba ni Arusha hapa Halmashauri Kuu ya TANU ilipokaa tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, ikatoka na Azimio lililotangazwa Februari 5. Siku hizi Azimio lina makumbusho yake, karibu na mnara wa Mwenge wa Uhuru, na wageni hupita hapo wakiwa na haraka ya kwenda kuona twiga. Hawajui kwamba Azimio lenyewe wamekaa nalo ndani ya gari. Fungua mfuniko utazame. Bia, maji, juisi ya pasheni, siagi, chokoleti ya mama mmoja wa Uholanzi, dawa ya macho ya mumewe: vyote joto moja. Hakuna chupa inayonyonya baridi ya mwenzake. Katika friji za kibepari, chupa iliyobahatika kukaa karibu na bomba hujichukulia baridi yote, na zile za pembeni huambiwa zivumilie, itazifikia tu. Letu limeufuta mfumo huo kabisa. Soda ya shilingi elfu moja na mvinyo wa Ufaransa hulala pamoja, huamka pamoja, na hunywewa kwa masikitiko yale yale.

Tena lina msimamo. Mwaka 1991, kule Zanzibar, wakubwa walilegeza masharti ya uongozi ya Azimio hilo: hisa zikaruhusiwa, mishahara miwili ikaruhusiwa, nyumba za kupangisha zikaruhusiwa. Friji letu halikuhudhuria kikao kile. Mpaka leo halina hisa mahali popote, halipokei mshahara hata mmoja, halina nyumba ya kupangisha Njiro. Ninamjua mtu mwenye hisa, mwenye mishahara na mwenye nyumba Njiro, nami nitamfikia. Kuhusu lile agizo la Azimio la kujitegemea, naomba subira kidogo, maana hapo friji letu lina dosari.

Fadhila nyingine nizitaje harakaharaka. Ni kiti kizuri kwa mgeni mfupi anayetaka kuchungulia paa likiwa wazi. Linazuia mabegi ya kamera yasiteleze. Feni yake humlaza mtoto. Mwewe wa pale chemchemi ya Ngoitokitok, ambao hunyakua paja la kuku mkononi mwa mtu mzima, hawajawahi kutamani kinywaji chetu hata kimoja.

Wenye wivu watasema halipozi kamwe. Waje Julai. Julai Mlima Meru hujifunika wingu, na Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, huwa mji wa makoti. Bodaboda wa Sakina hujifunga shuka za Kimaasai mpaka masikioni, na kwenye geti la Momella mgeni hushuka garini akitetemeka. Hapo ndipo friji letu hufanya kazi kwa moyo wote. Maji yanatoka baridi mpaka meno yanauma. Mgeni anasema hapana, asante, chai je? Chai hakuna. Chupa ya chai iliondolewa kwenye vifaa vya gari, kwa sababu, tuliambiwa, mna friji.

Friji hili pia limetuongezea elimu, na katika elimu ya baridi Tanzania si nchi ya kudharauliwa. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, kijana wa Sekondari ya Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akawahi nafasi kwenye friza kwa kuyaingiza maziwa yake yangali moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne akarudi akajaribu, na mwaka 1969 makala yao ya pamoja ikachapishwa. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori chuoni Mweka, juu ya Moshi, yaani alikuwa mwenzetu wa porini. Wanasayansi wangali wanabishana ni lini hasa maji ya moto huwahi kuganda, na kama kweli huwahi. Bosi wangu habishani. Alitusikia tukisimulia kisa hiki, na tangu hapo, tukilalamika kwamba soda tunazopakia zimeshinda juani mbele ya duka la jumla, hutujibu: "Ya moto ndiyo inayowahi kupoa. Mpemba alisema." Mtu aliyekataa kutoa hela ya barafu amegeuka mwanafizikia.

Na barafu, jamani, ni mali. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka humeza joto la kutosha kupasha kilo nzima ya maji kutoka nyuzi 0 mpaka 80, na muda wote huo yenyewe inabaki palepale kwenye sifuri. Chukua deli lenye kuta nene, la kawaida kabisa, kama yale ya wauza maji wa stendi. Panga humo chupa za maji zilizogandishwa usiku kucha kwa mama yeyote mwenye friza mtaani. Vinywaji viingie vikiwa vimeshapoa, blanketi juu, na mfuniko usifunguliwe ovyo na mgeni anayetaka kuhakiki kila baada ya pundamilia. Unashusha bia ya baridi Seronera bila waya hata mmoja. Mtungi wa bibi nao unaijua kazi hii: lita moja ya maji ikikauka kwenye ukuta wa mtungi huondoka na joto karibu mara 7 ya lile linalomezwa na kilo ya barafu, na upepo mkavu wa Makuyuni haudai chochote. Lakini nani ataandika mtungi kwenye tangazo?

Sasa tufike kwenye kujitegemea. Friji letu hunywa ampea 4 au 5 bila kupumzika, kwa kuwa halina kifaa cha kuliambia basi, imetosha. Kwa muda wa saa kumi za usiku hiyo ni ampea-saa 40 mpaka 50, zote zikitoka kwenye betri ile ile inayowasha injini. Ukilichomoa usiku, asubuhi siagi imekuwa mafuta ya kula. Usipolichomoa, alfajiri redio inasema chui yuko juu ya mti, magari ya wenzako yanaondoka, wewe unageuza ufunguo na gari linajibu tik. Wageni wanne wanakuangalia. Unaomba kubustiwa na dereva wa kampuni nyingine, ambaye naye ana haraka na naye ana wageni wanaotazama saa zao. Anakuja. Siku zote anakuja. Anatoa waya zake, hasemi neno, anabusti, anaondoka, na chui keshashuka.

Hapa ndipo sifa zinaponikauka mdomoni. Maana jioni mgeni haandiki kwamba kampuni imeniuzia baridi isiyokuwapo. Anaandika kwamba dereva alikuwa mwema lakini vinywaji vilikuwa moto na gari halikuwaka. Ofisi inasoma. Ofisi inakata. Tipu, ambayo kwa wengi wetu ndiyo inayolipa ada za watoto, inatoka kwenye bahasha ikiwa imekonda. Tunalipwa kwa siku ya safari. Mvua za Aprili zikianza hakuna siku, hakuna safari. Hata huyo chui hakunikosea kama bahasha ile.

Lawama hizi zina historia. Mei 11, 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro, akamuuliza mtu aliyekuwa akimwongoza ni nini. Yule bwana akamjibu kwamba ni baridi. Jibu sahihi, la mwongozaji, bila malipo ya ziada. Kule London, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika, akaandika kwa ukali kwamba theluji karibu na mstari wa Ikweta haiwezekani, na akashikilia hivyo kwa miaka. Tangu wakati huo habari za baridi ya huku zimekuwa zikiamuliwa na mtu aliye ofisini.

Wa kwetu ofisi yake ina kiyoyozi. Tangazo lake linaonyesha wazungu wawili machweo, glasi zimetoka jasho, nyuma yao mlima, na maandishi yanaahidi vinywaji vya baridi muda wote bila kikomo. Bila kikomo ni kweli; hatujawahi kufikia kikomo cha kitu ambacho hatujakianza. Baridi hiyo inauzwa Ulaya kwa yuro. Inapita kwa wakala, inakatwa. Inafika Arusha kwa dola, inakatwa. Mimi nakabidhiwa shilingi za katoni za maji na neno la baraka. Bidhaa imelipiwa, imepigiwa hesabu, imetolewa faida mara mbili, ila hakuna aliyekumbuka kuinunua.

Na si kwamba haikuwahi kuwapo. Gari hili lilikuja na betri ya pili na friji la kompresa, lile zito. Betri sasa iko sebuleni kwa bosi, inawasha televisheni umeme ukikatika. Friji liko baa ya shemeji yake, Kwa Mrombo, chini ya kaunta. Nimekunywa hapo, kwa hela yangu. Bia ilikuwa na umande. Nilipomkumbusha bosi, kwa adabu, kwamba shikamoo mzee, lile friji, alinitazama kwa huruma akasema: "Wewe si ndiye mwongozaji? Waeleze wageni kwamba hii ni Afrika."

Afrika! Afrika ya mtungi, ya deli, ya Mpemba, iende ikaombe radhi kwa Waholanzi kwa niaba ya shemeji wa bosi.

Juzi ametuita madereva wote. Malalamiko ameyaona, alisema, na ameyafanyia kazi usiku kucha. Tukatazamana, mmoja wetu alikuwa ameshaanza kusafisha pale inapokaa betri ya pili. Bosi akatuonyesha kwenye simu tangazo jipya. Vinywaji vya baridi muda wote vipo palepale, na chini yake umeongezwa mstari: intaneti ya kasi ndani ya gari. Nikauliza kifaa chake kitafungwa lini.

"Kifaa gani?" akasema. "Kwani wewe huna simu?"