Mandhari ya Ukungu

Mgeni aliyehakikishiwa kwamba Februari ni kiangazi katika Bonde la Ufa, akateremka Rongai ya Nakuru (wala si Ongata Rongai ya Kajiado, ambako wenzake wengine hupelekwa na ujinga wao) amevaa kaptura na miwani ya jua, hana budi kustahimili, maadamu mawingu hayajapata kusoma kalenda. Hupandishwa Menengai, shimo la volkano lenye kina cha takriban mita 485, akasimamishwa ukingoni, na kijana wa kumtembeza, mwavuli mkononi, akamwonyesha kwa taadhima weupe mtupu: “Pale chini, bwana, ndipo utokapo mvuke wa ardhini; na upande ule ni ziwa.” Mgeni huitikia kwa adabu, akaupiga picha ule ukungu, kisha akaupiga tena, asije akadhulumika.

Akishuka Ziwa Nakuru kutafuta heroe, huarifiwa kwamba maji yamepanda miaka hii hata yakameza lango kuu la zamani la hifadhi, na kwamba heroe aghalabu wamehamia Bogoria, kwani mwani waulao haustawi magadi yakizimuliwa na mvua. Ndege hao, kwa hakika, wametuzidi akili: huhama bila ya kulipa kiingilio.

Rai yangu kwa wenye mahoteli ni kwamba waache kuuza jua wasilolimiliki. Nawe msomaji, ukija, chukua koti la mvua na viatu vya tope. Fedha ya langoni hairudishwi.