Jinsi ya Kupiga Picha Mtaani Usipigwe

Anza na viatu. Kamera unayo tayari kwenye simu, lakini picha ya mtaani hutafutwa kwa miguu, na vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa havimfungukii mtu anayepita kwa tuktuk. Chukua viatu vya kutembea. Anayevaa vya kukimbia ameshajua kwamba analokwenda kulifanya wenyewe hawatalipenda.

Lenzi ndefu iache nyumbani. Ile ni ya simba wa Tsavo, na simba hana majirani wa kumcheka kwenye Facebook. Kipimo cha umbali ni salamu: ukisimama mahali ambapo "shikamoo" yako haimfikii mwenye uso, sogea, au rudisha simu mfukoni. Nimewaona wapiga picha wakijificha nyuma ya mkokoteni wa madafu kumvizia mama anayekaanga viazi karai, kama wanaovizia mwembe wa jirani. Mama huwaona. Mama anayeuza barabarani huona kila kitu, hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa sheria, maana kila anayeanza huuliza: inaruhusiwa? Njiani, kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kambi za jeshi na maeneo yaliyotangazwa kuwa ya ulinzi usiyaguse kabisa, na ukipiga kwa biashara, ulizia kwanza vibali vya kaunti. Mjadala wenyewe uko kwenye uso wa mtu. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake binafsi. Sheria hiyohiyo imeacha mlango kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Usiutumie mlango huo kupitishia matangazo. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuulizwa. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Hakimiliki ya picha ni yako. Uso si wako.

Ukisafiri, usibebe kanuni za nchi moja ukazitua nyingine. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimpa dola 2,000 binti wa Quebec aliyepigwa picha ameketi kwenye ngazi za jengo, kisha akajiona kwenye jarida. New York, mwaka 2006, mambo yalikwenda kinyume: mzee mmoja wa Kiyahudi alimshtaki Philip-Lorca diCorcia, aliyempiga picha Times Square bila yeye kujua, akasema imani yake haikubali jambo hilo. Mahakama ikasema picha ni sanaa, kesi ikatupwa. Mimi niko upande wa mzee. Hapa pwani pia wapo wanaokataa kwa ajili ya dini, na wakisema hapana, basi imekwisha. Usimwombe mtu akueleze kwa nini.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu: rudisha picha. Karibu na Fort Jesus palikuwa na mzee muuza kahawa, dele la shaba juu ya makaa, vikombe kwenye ndoo ndogo ya maji. Nilimwomba picha baada ya kikombe cha pili.

"Yaenda wapi hiyo, mwanangu?"

"Bado sijajua, mzee wangu. Kwanza nitakuletea wewe uione."

Wiki tatu baadaye nikampelekea. Aliishika kwa ncha za vidole, mikono ikiwa na majivu, akaitazama muda mrefu.

"Kanzu ina doa."

Kweli. Doa la kahawa, ukubwa wa sarafu, juu ya goti la kulia. Doa hilo ndilo lililonifanya niipende ile picha, maana lilieleza kazi yake yote. Yeye hakutaka wajukuu wamwone nalo. Akaniambia nije Ijumaa baada ya swala, na Ijumaa nikamkuta na kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya vito, uso umekazwa kama wa pasipoti. Nikaipiga. Ile ya doa sijamwonyesha mtu mwingine, na tangu siku hiyo hakuna aliyenikunjia uso kwenye baraza lile.

Atakayesema hiyo si picha ya mtaani tena, namkumbusha kwamba mtaa wetu ulikuwa na desturi yake kabla ya haya mabishano. Miaka ya 1990 wapiga picha walisimamisha vibanda karibu na kivuko cha Likoni, vyenye mapazia yaliyochorwa, na msafiri wa kawaida alijipanga mbele yake apendavyo. Mwenye uso ndiye aliyeamua aonekane vipi. Leo uso huohuo hunaswa asubuhi, na kufika adhuhuri umeshakuwa stika ya WhatsApp, unachekwa na watu ambao mwenyewe hatawajua kamwe.

Kuna siku, hata hivyo, ya kutobisha hodi. Tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya Nairobi, mpiga picha Mohamed Amin alikimbilia huko na kamera yake, na ushahidi wa siku ile tunao kwa sababu hakungoja kukaribishwa. Mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake, mwaka 2009, walizitandaza barabarani picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, wakayaita maonyesho hayo Picha Mtaani. Walichokifanya ni kuzirudisha picha kwa waliopitia ghasia hizo. Kwa hiyo mwenye rungu anayempiga mtu hadharani usimpe nafasi ya kubadilisha kanzu. Mpige picha, ila jilinde, na uufiche uso wa yule anayepigwa kama utamletea madhara mengine.

Aliyelala barabarani, mgonjwa, mtoto asiye na mzazi karibu: hao waache, hata mwanga uwe mzuri namna gani.

Na sasa fungua simu yako. Humo mna picha ya mtu unayejua anapopatikana: kondakta, fundi viatu, muuza samaki. Ichapishe wiki hii, umpelekee.